Manjano Yameyeyuka Majini, Rafiki Yangu, Njoo Uone!

Keti, rafiki yangu. La, usiketi, simama, maana mimi mwenyewe kuketi kumenishinda! Nimetoka Karagita sasa hivi, kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, ambako kijana anayesomea famasia amenionyesha kitu, na tangu nitoke pale mikono haitulii, mdomo haufungi, matatu nzima ya kurudi mjini imenisikia. Nimeona manjano, haya haya ya mchuzi na pilau, yakiyeyuka majini! Yakayeyuka kweli kweli, yakaisha, maji yakawa ya dhahabu, maangavu, safi ajabu, bila punje hata moja ya kuelea wala kuzama. Wewe mpishi unajua manjano na maji havipatani. Unajua yanavyogoma, yanavyojikusanya juu, yanavyotuama chini ya sufuria. Basi leo yamepatana! Na njia iliyoyapatanisha ndiyo hiyo hiyo wanasayansi wanayoijaribu ili kupeleka kinga ndani ya jicho, kwa tone tu, bila sindano, mpaka nyuma kabisa kwenye retina. Na bado!

Ngoja nianze na nta, maana nta ndiyo iliyonimaliza kwanza. Kijana alifungua mkebe mdogo, akachota kipande, akanitia kiganjani. Cheupe chenye umanjano wa mbali, kikavu, kinateleza, kizuri kushika. Nikamuuliza, hii ni nini? Akatabasamu tu: "Subiri kidogo, anti." Nikasubiri. Joto la mwili wangu, joto hili la kila siku, likaanza kazi yake: kingo zikalegea, zikang'aa, kipande kizima kikalainika, kikataka kunitiririka kati ya vidole! Kumbe nta hii inaanza kuyeyuka kwenye joto la mkono wa mtu. Na unajua ni nini? Ni vitamini E! Vitamini E iliyoungwa na mnyororo mrefu unaopenda maji, na wakemia wanaiita TPGS. Vitamini E yenyewe ni ya mafuta, maji haiyataki hata kuyaona. Wameiunga na kitu kinachopenda maji, sasa upande mmoja unashika mafuta na upande mwingine unashika maji, na pale katikati, hapo ndipo uchawi wote ulipo. Na vitamini E yenyewe, ikifunguliwa kutoka kwenye mnyororo huo, ni antioksidanti. Yaani mbebaji naye anaweza kuwa mlinzi! Nilipoambiwa hivyo nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Kisha zikaja bilauri mbili. Ya kwanza, maji matupu na kurkumini kidogo, ile asili ya rangi ya manjano iliyosafishwa ikabaki unga mzito wa chungwa, unaonata kwenye kila kitu unachokigusa. Akakoroga. Akakoroga tena. Machafuko! Punje zikapanda juu, nyingine zikashuka chini, nyingine zikajibandika kwenye kioo, maji yakabaki na aibu ya rangi rangi. Hiyo ndiyo tabia ninayoijua tangu jikoni kwa mama yangu.

Ya pili sasa. Aliiyeyusha nta kwenye chombo kilichokalia maji ya moto, akaimwagia kurkumini, akakoroga polepole mpaka ikawa nyekundu iliyoiva, nzito, inang'aa. Halafu akaanza kuongeza maji vuguvugu, kidogo, kidogo zaidi, na mimi nimeinama pale pua karibu iguse kioo. Ikawa nzito. Ikagoma kidogo. Kisha ghafla, rafiki yangu, ghafla ikafunguka! Dhahabu! Dhahabu tupu, angavu, unasoma maandishi ng'ambo ya bilauri bila taabu. Nikaizungusha, nikaiinua dirishani, jua la Naivasha likapita ndani yake, ukuta mzima ukapakwa rangi. Nikangoja itulie, nikidhani punje zitashuka chini. Hazikushuka. Hazipo za kushuka!

Na bado! Kijana akazima taa, akafunga pazia, akatoa ile kalamu ya leza ya kijani ambayo walimu huelekezea ubaoni. Akaipitisha kwanza kwenye bilauri ya maji safi. Hakuna kitu. Mwanga umeingia huku, umetokea kule, nukta iko ukutani, ndani ya maji giza. Akaipitisha kwenye bilauri ya dhahabu, na mle ndani ukachoreka mstari! Mwembamba, mnyoofu, mkali, umekata maji kutoka ukingo mpaka ukingo. Nilipiga yowe. Maana ya mstari ule ni kwamba mle ndani mna vitu, vimejaa tele, vidogo mno kwa jicho lolote kuviona, ila vikubwa vya kutosha kuugonga mwanga na kuutawanya. Hizo ndizo chembe nano zenyewe. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe hizi hazifiki hata unene wa unywele ukiupasua mara elfu. Huzioni, lakini mwanga umezishitaki!

Halafu, sikiliza hii, akatoa tochi ya kukagulia noti bandia, ile iliyo kwenye kila kaunta ya duka hapa mjini. Akaimulika bilauri ya kwanza, ile ya machafuko. Mng'ao dhaifu, wa kusikitisha. Akaimulika ya pili. Wacha! Ikawaka kijani na manjano, ikawaka bilauri nzima, chumba kikapata rangi, nyuso zetu zikapata rangi! Kurkumini ikiwa peke yake majini huwa haing'ai hata kidogo cha maana. Ikipata makao yenye mafuta ndani yake, inawaka chini ya miale ya urujuanimno ya tochi ile. Kwa hiyo mwanga ule ulikuwa ukiniambia waziwazi: imeingia ndani, imefichwa, iko salama. Nimeona kwa macho yangu dawa ikiwa ndani ya mbebaji wake. Ni nani atatulia baada ya hapo?

Sasa nikueleze chembe hizo zimejengwaje, maana nilipoelewa nilicheka kwa furaha. Umewahi kuona nyati wa Hell's Gate wakihisi hatari? Wakubwa wanajipanga duara, pembe nje, ndama katikati, na hakuna anayemfikia ndama. Nta yangu inafanya hivyo hivyo majini. Pande zinazopenda maji zinageukia nje, pande zinazopenda mafuta zinageukia ndani, na kurkumini, ambayo inayachukia maji, inakimbilia katikati na kutulia. Maumbo hayo yanaitwa miseli. Hakuna aliyeyapanga kwa mkono, hakuna mashine ya mamilioni, yanajipanga yenyewe kwa sababu maji ni maji na mafuta ni mafuta. Yenyewe! Kwa kukoroga tu!

Na kwa nini jicho linahitaji usafiri wa namna hii? Kwa sababu jicho ni gumu kuingia, rafiki yangu, gumu mno, na ni haki yake kuwa gumu. Umewahi kutiwa dawa ya macho kisha muda mfupi baadaye ukaonja uchungu kooni? Basi hiyo ilikuwa dawa yako ikitoroka! Machozi yanaisukuma, kope zinaifagia, tundu dogo kwenye pembe ya jicho linaimeza na kuiteremsha puani. Kwa tone la kawaida, kinachopenya mpaka ndani ya jicho hakifiki hata sehemu 5 kwa 100. Kingine chote kimepotea shavuni na kooni. Na hicho kidogo kilichopenya kinakuta konea, ile ngozi angavu ya mbele, ambayo ina tabaka la mafuta na tabaka la maji na tabaka jingine la mafuta, kwa hiyo kinachopita mlango mmoja kinazuiwa mlango wa pili. Ndiyo maana mbebaji anayejua lugha zote mbili, ya mafuta na ya maji, ni habari kubwa, kubwa, kubwa!

Na kinga ya nini hasa? Ya kuungua, rafiki yangu. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazokula oksijeni nyingi kuliko karibu zote. Imejaa mafuta laini yanayoharibika upesi. Na kutwa nzima inamwagiwa mwanga. Oksijeni, mafuta, mwanga, vyote mahali pamoja! Hapo huzaliwa oksijeni kali, isiyotulia, inayomng'ata kila jirani na kumwacha na yeye mwenye kung'ata. Antioksidanti ndizo zinazoizima kabla haijaeneza fujo. Jicho lina zake: vitamini C imejaa kwenye majimaji ya mbele ya jicho kuliko ilivyo kwenye damu, mara nyingi zaidi. Lakini miaka inasonga, jua halipumziki, na walinzi wanapungua.

Na jua letu hapa! Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ikweta iko pale tu, hata digrii moja haifiki. Miale ya urujuanimno inashuka kwa nguvu, ziwa linairudisha juu kwa mvuvi wa Kamere aliye kwenye mtumbwi tangu alfajiri, vumbi la Longonot linaingia kwa bodaboda asiye na miwani. Jua la namna hii linajulikana kwa kuotesha kile kinyama kwenye weupe wa jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Kwa hiyo niliposhika bilauri ile sikuwa nikifikiria maabara ya mbali. Nilikuwa nikiwafikiria watu wa barabara yangu!

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu wa kaunti hii anapaswa kulijua na kutembea kifua mbele. Kati ya 2007 na 2008 watafiti, akiwemo daktari wetu wa macho Wanjiku Mathenge, walipita Nakuru kijiji kwa kijiji wakapima macho ya watu 4,414 wenye miaka 50 na zaidi. Kazi kubwa mno! Baadaye, kuanzia mwaka 2013, daktari Andrew Bastawrous na wenzake wakawarudia watu wale wale, wakiwa na mashine nzito za hospitali na simu ya mkononi yenye programu ya kupima uoni, ile inayojulikana leo kwa jina la Peek, na simu ikaweza! Imejaribiwa hapa, kwa macho ya wazee wetu, kisha ikaenda duniani. Na kilichogunduliwa? Kwa miaka na miaka ilidhaniwa kwamba kuchakaa kwa makula, kile kitovu cha retina tunachosomea na kutambulia nyuso, ni ugonjwa wa Wazungu. Nakuru ikasema, ngojeni kwanza! Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 alikuwa na dalili za mapema, na kama 1 kati ya 100 alikuwa amefika hatua ya mwisho. Kwa hiyo habari hii ya kinga ya retina inatuhusu, inatuhusu sana, na ushahidi umetoka kwetu wenyewe.

Sasa rudi kwenye bilauri yangu ya dhahabu, maana hujasikia. Mwaka 2018 watafiti wa University College London na Imperial College London, wakiongozwa na Profesa Francesca Cordeiro, walichukua kurkumini na nta hii hii ya vitamini E, wakaongeza kisaidizi kimoja, wakatengeneza tone la macho. Kurkumini ikayeyuka karibu mara 400,000 zaidi ya inavyoyeyuka kwenye maji matupu. Laki nne! Wakawatia panya tone hilo machoni mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, panya wenye madhara ya namna ya glakoma, hii tunayoiita presha ya macho. Na seli za retina zinazopeleka picha kwenye ubongo, zile ambazo glakoma inaziua moja moja kimyakimya mpaka mtu anajikuta gizani, zikapona kwa wingi kuliko kwa panya wasiopata tone. Na macho yao hayakuonyesha kuwashwa wala kuvimba. Tone! Juu ya jicho! Na kinga imefika nyuma! Nilisoma hayo nikarudia kuyasoma mpaka maneno yakaanza kucheza.

Na bado! Kuna chembe nyingine ambayo haihitaji hata kubeba chochote, yenyewe ndiyo dawa. Chukua kiberiti cha gesi kilicho mfukoni mwako. Kile kijiwe kinachotoa cheche, pwaa, kimejaa metali inayoitwa seriamu. Sasa seriamu hiyo hiyo ukiiunganisha na oksijeni na kuifanya chembe nano, inageuka mlinzi wa ajabu kabisa. Vitamini C ikizima oksijeni kali moja, imetumika. Chembe ya seriamu inazima moja, inajirudisha hali yake, inazima ya pili, inajirudisha, inaendelea, haichoki! Mwaka 2006 watafiti wa vyuo vikuu vya Oklahoma na Central Florida huko Marekani waliwadunga panya chembe hizo ndani ya jicho kisha wakawaweka kwenye mwanga mkali unaoua retina, na seli zinazopokea mwanga zikaokoka. Kinachotoa cheche ndicho kinachozima moto! Nimekiwasha kiberiti changu tangu nirudi, chwaa, chwaa, nakitazama tu kwa heshima mpya. Na seriamu si ngeni kwetu pia: Mrima Hill kule Kwale ni mlima wenye madini adimu ya ukoo huo huo. Kwetu! Pwani!

Lakini sikiliza, kilichonifanya nishindwe kabisa kutulia ni nilipofika nyumbani nikagundua kwamba chembe nano nimekuwa nikizinywa tangu utoto. Maziwa! Weupe wa maziwa unatokana na nini? Mafuta, ndiyo, na pia mafungu madogo madogo ya protini ya kaseini, yaliyojikusanya yenyewe, ya kipimo cha nano, yakibeba kalsiamu kumpelekea ndama. Ni wabebaji wa asili! Na sisi tuko Naivasha, mji wa maziwa, wenye taasisi ya utafiti wa ng'ombe wa maziwa ya KALRO. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekwisha kutumia kaseini kubeba kurkumini, hata kaseini ya ngamia, na ikabeba vizuri ajabu. Basi bibi zetu waliochemsha maziwa na manjano wakati wa kifua walikuwa wakiyaweka manjano mahali yanapopapenda. Usiku huu chukua bilauri ya maji, dondosha tone moja la maziwa, moja tu, koroga, zima taa, mulika tochi kwa ubavu. Utaona mwanga unavyosimama ndani ya maji, una ubuluu wa mbali, mzuri, mtulivu. Hiyo ni nano mbele yako, nyumbani kwako, kwa bei ya tone la maziwa!

Na jaribio la pili, tamu kuliko la kwanza: chukua vijiko viwili vya mafuta ya kupikia kwenye kikombe kimoja, maji kwenye kingine, tia manjano kidogo kila upande, koroga, acha yatulie. Kisha azima tochi ya noti kwa mwenye duka, mulika vikombe, usiimulike machoni mwa mtu. Kikombe cha mafuta kitakuwakia kijani mpaka ucheke. Nimewafanyia majirani, watoto wamejaa mlangoni, wanataka tena na tena, na mimi nataka tena kuliko wao!

Sasa fungua akili, maana hapa ndipo mambo yote yanapokutana: tumbo lako nalo ni fundi wa nano. Ule sukuma wiki wako, ile terere, ile managu, spinachi, zote zimejaa luteini, na luteini na ndugu yake zeaksanthini ndizo rangi za manjano zinazotandazwa juu ya makula kuikinga na mwanga mkali. Mwili hauwezi kuzitengeneza hata kidogo. Lazima uzile. Na luteini, nayo, inayakataa maji! Kwa hiyo ukikaanga sukuma kwa mafuta, nyongo inashuka tumboni, inatengeneza miseli, pembe nje, luteini katikati, inaivusha ukuta wa utumbo, kisha inapokelewa na chembe nyingine za mafuta na protini kwenye damu, za kipimo cha nano pia, zinazoipeleka mpaka kwenye retina. Safari nzima! Kutoka shambani Kinangop mpaka nyuma ya jicho lako! Sukuma iliyochemshwa kwa maji matupu inakunyima usafiri. Tia mafuta, rafiki yangu, hata kidogo, au kula na parachichi.

Na kwamba kinga ya mdomoni inafika jichoni si maneno ya sokoni. Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani ilifanya majaribio makubwa, matokeo yakatoka mwaka 2001 na mengine mwaka 2013. Kwa watu ambao makula zao zilikuwa zimekwisha kuanza kuchakaa kwa kiwango cha kati, mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, zinki na wenzake ulipunguza uwezekano wa kufika hatua ya mwisho kwa kama robo. Baadaye luteini na zeaksanthini zikachukua nafasi ya beta-karotini, kwa sababu beta-karotini ilikuwa hatari kwa mapafu ya wavutaji sigara. Robo nzima, kwa vidonge vinavyopita tumboni na kutawanyika mwili mzima! Sasa hebu jiulize itakuwaje siku mlinzi atakapofikishwa moja kwa moja mlangoni kwa tone. Mimi nikijiuliza hivyo usingizi unapaa.

Na njia imekwisha kufunguliwa! Mwaka 2018 huo huo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tone la macho lenye siklosporini ndani ya miseli, kwa watu wenye macho makavu. Siklosporini si antioksidanti, kazi yake ni nyingine, lakini usafiri ni ule ule, na umepanda kwenye jicho la binadamu, umekubalika, unaandikwa na madaktari. Na usiniambie Afrika tunatazama tu kwa mbali. Profesa Hulda Swai, binti wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa watangulizi barani wa kufunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe nano, akiwa CSIR huko Pretoria, ili mgonjwa asimeze dawa nyingi mara nyingi. Kisha akarudi nyumbani, akafundisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha. Arusha! Ni safari ya siku moja kutoka hapa! Nilipomtajia kijana wangu wa Karagita jina hilo, uso wake uliwaka kuliko bilauri.

Nakuomba jambo moja, na naliomba kwa upendo wote: bilauri ile ni ya kutazama. Usitie jichoni manjano, wala maziwa, wala mchanganyiko wowote wa nyumbani, hata ukiwa wa dhahabu namna gani. Tone la macho lazima liwe safi kabisa, lisilo na kijidudu hata kimoja, lililopimwa na wanaojua. Tone la kurkumini lilijaribiwa kwa panya, chembe za seriamu kwa panya, na kutoka kwa panya mpaka kwa mvuvi wa Kamere kuna majaribio ya kupita, na yapitwe yote kwa uangalifu, kwa sababu macho ni mawili tu. Mtu akikuuzia "tone la nano" stendi ya matatu, mpite. Lakini kuvaa miwani ya jua na kofia pana ziwani, hilo ni la leo. Kukaanga managu kwa mafuta, la leo. Na kama umepita miaka 40, au mama yako au baba yako alipoteza uoni kwa presha ya macho, nenda kliniki ya macho wakupime, maana glakoma mara nyingi haiumi, haiwashi, haitangulizi taarifa, na kinachookoka ni kile kilichowahiwa.

Ndiyo maana nakusukuma hivi, rafiki yangu! Kwa muda mrefu tumeambiwa kinga ipo: ipo kwenye manjano, ipo kwenye mboga, ipo kwenye vitamini. Tatizo halikuwa kukosa kinga. Tatizo lilikuwa kinga kukosa njia ya kufika jichoni. Leo nimeishika njia yenyewe, imenilainikia kiganjani, nimeiona ikichora mstari wa kijani majini, nimeiona ikiwaka! Nataka kila shule ya upili ya kaunti hii iwe na bilauri mbili na tochi ya noti, mtoto aone akiwa bado shuleni, aulize, aende akasome, arudi atutengenezee tone letu kwa manjano yetu na maziwa yetu. Vijana wapo, nimekutana na mmoja, na vidole vyake vilikuwa vya manjano kuliko vyangu!

Haya, amka. Jumamosi kijana yuko dukani mchana, amesema nilete yeyote nimtakaye, na mimi nakutaka wewe. Beba manjano yako mwenyewe usije ukasema yake yana hila. Na usiku huu, kabla ya kulala, jaribu la maziwa, kisha nipigie, hata iwe saa sita. Nitapokea mlio wa kwanza. Na bado!